Mshahara wa Mwezi na Chupa ya Mafuta

Mafundisho kwa watu wenye nyumba, juu ya 2 Wafalme 4:1–7



Katika sharika zilizo chini ya Mlima Meru, tangu Tengeru hata Usa River na Maji ya Chai, liko swali moja ambalo watu wengi huliuliza, walakini hawaliulizi kanisani. Huulizwa njiani, na ndani ya daladala, na usiku chumbani watoto wakiisha kulala: Je, mtu mwenye kipato cha kati aweza kuwalisha na kuwavika watu wa nyumba yake, na kukaa nao kwa raha, kwa mshahara wa mwezi mmoja hata utakapofika wa pili? Twaona si vema swali kubwa namna hii liachwe njiani. Kwa hiyo mwezi huu twalileta mbele ya Neno la Mungu, tena mbele ya hesabu. Maana yako maneno mengi mazuri yasemwayo juu ya kuridhika, nayo yakipimwa kwa hesabu hayasimami.

Tusemapo mtu wa kipato cha kati twamaanisha mwalimu, mwuguzi, karani, mtumishi wa chuo, dereva wa watalii, na mwenye duka la wastani. Si maskini wa kuombewa msaada, wala si tajiri. Katika Mithali, sura ya 30, Aguri amwomba Mungu asimpe umaskini wala utajiri, ila amlishe kwa kadiri yake. Aliviogopa vyote viwili: shibe isije ikamfanya amsahau Mungu, wala uhitaji usije ukamfanya mwizi. Basi mtu wa kati akaa mahali palepale Aguri alipoomba kukaa. Nalo ni jambo la kustaajabisha, ya kuwa wengi waliofika mahali hapo hawapati usingizi ifikapo tarehe 20 ya mwezi.

Sasa tuitazame habari yetu. Mwanamke mmoja alimlilia Elisha kwamba mumewe amekufa, na mwenye kumwia amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mara nyingi tusomapo habari hii twakimbilia mwujiza wa mafuta, tukaruka neno la kwanza: ya kuwa mume huyo alikuwa mmoja wa wana wa manabii, tena mcha Mungu. Deni halikuingia katika nyumba ya mlevi wala ya mvivu. Liliingia katika nyumba ya mtumishi wa Mungu, likamzika mwenye nyumba, likabaki limekaa mlangoni likiwangoja watoto. Mkristo asidhani kwamba kwa kuwa anasali na hanywi pombe, hesabu zake zitajiweka sawa zenyewe.

Naye Elisha afanyaje? Hampi fedha. Hamhubirii uvumilivu. Amwuliza ana nini nyumbani. Mama ajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Jibu hili ndilo la watu wengi leo: sina kitu, ila. Katika neno hilo “ila” ndipo shauri zima lilipoanzia. Basi na sisi tuanze hapo. Tuna nini nyumbani?

Tuchukue mfano wa mtumishi wa serikali ambaye mshahara wake katika karatasi ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, naye alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali. Watu wa nyumbani mwake, na jamaa zake wa mbali zaidi, hulisikia neno “milioni” nao hulishika neno hilo. Lakini kabla milioni hiyo haijafika mkononi, mfuko wa pensheni huchukua asilimia 5, yaani shilingi 50,000. Kodi ya mapato juu ya kilichosalia ni shilingi 115,500. Bima ya afya asilimia 3, shilingi 30,000. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15, shilingi 150,000. Zikiisha kutoka hizo, kinachofika nyumbani ni shilingi 654,500. Hatukutaja ada ya chama cha wafanyakazi, wala mkopo wowote wa benki. Yaani zaidi ya theluthi ya ile milioni haikuonekana kamwe katika nyumba ile; tena jamaa wanaoomba huomba kwa kuitazama milioni, na mwenye mshahara, kwa kuona haya, hutoa kana kwamba anayo.

Na yule mdogo kuliko huyo? Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Kwa kima hicho, zikitoka pensheni, kodi na bima, hubaki shilingi 443,600. Katika mashamba na nyumba za wageni wako wanaopata pungufu ya hapo sana. Kwa hao twasema waziwazi: tusiwahubirie kubana matumizi. Mtu hawezi kubana kisichokuwapo. Shauri lao ni lingine, nalo linawahusu waajiri wao, ambao baadhi yao huketi katika viti vya mbele kanisani. Tutawarudia.

Tumrudie mtu wa shilingi 654,500. Tuseme anayo nyumba yake mwenyewe, mke na watoto watatu, nao wanasoma shule ya serikali. Tumemwandikia hivi: chakula 270,000, umeme, gesi au mkaa, na maji 60,000, nauli 60,000, fedha ya shule, yaani sare, madaftari na chakula cha mchana, 50,000, sadaka 65,000, wazazi wake 30,000, simu 15,000, ugonjwa ambao bima hailipi 15,000, akiba 50,000. Jumla ni 615,000. Zimebaki 39,500 kwa sabuni, viatu, na michango ya watu. Hizi si bei tulizopewa na mtu. Ni makadirio yetu tu, na kila msomaji na afute namba zetu aandike zake, za soko analolijua. Na bei hazikai mahali pamoja: mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika, kilo moja ilivuka shilingi 4,000 mahali pengi, na mwenye kupanga kwa bei ya Desemba aliona mpango wake umepinduka kabla ya Kwaresima.

Walakini hesabu hii yatufundisha jambo la kwanza: yawezekana. Ni nyembamba, lakini yawezekana. Watu watano waweza kula, kuvaa, kusoma, kutoa sadaka na kuweka kidogo. Tena hapa petu kuna kitu ambacho mtumishi wa mjini hana. Mwenye kihamba, hata kama ni kipande kilichogawanywa mara tatu kati ya ndugu, ana migomba. Na penye migomba pana ndizi za kupika, na majani ya kumpa ng'ombe, na penye ng'ombe pana maziwa ya watoto na samadi ya mboga. Chakula hicho hakipiti dukani, wala hakiandikwi katika daftari, nacho ndicho kinachofanya 270,000 itoshe. Mwalimu aliyepanga vyumba viwili karibu na barabara kuu, asiye na mgomba hata mmoja, ana mshahara uleule lakini si mtu wa kipato kilekile. Akiisha kulipa pango, ile akiba na masalio yake vyote vimekwenda. Kwa sababu hiyo twaona vibaya kijana mwenye kazi auzapo sehemu yake ya kihamba ili anunue gari. Ameuza chupa ya mafuta.

Jambo la pili ni hili. Mshahara humfundisha mtu kuona siku 30 tu. Wazee wetu waliolima kahawa walipokea fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, nao wakajua wazi kwamba fedha hiyo ina miezi 12 ndani yake: hii ni ya kodi, hii ya bati, hii ya mtoto aendaye shule, hii haiguswi. Mwenye mshahara huona fedha ikija tena kila mwezi, akadhani mwaka hauna mahitaji yake. Kisha huja Januari, na sare, na mabegi, na viatu vinne au sita kwa siku moja, naye hushangaa kana kwamba Januari imeanza mwaka huu! Fedha ya shule shilingi 600,000 kwa mwaka, ikigawanywa kwa 12, ni 50,000 kwa mwezi. Anayeiweka kila mwezi haioni Januari. Asiyeiweka hukopa, na deni la Januari hulipwa mpaka Agosti.

Hapo twafika mahali ambapo nyumba nyingi za kati zinavunjika, nasi tutakaa hapo kidogo. Hazivunjiki jikoni. Mama wa Usa River aijua bei ya maharage na ya unga kuliko sisi, na akienda sokoni Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, hakuna mhubiri wa kumfundisha jinsi ya kununua. Huvunjika mahali pa heshima.

Tangu mwaka 2016 shule za msingi na za sekondari za serikali, hata kidato cha nne, hazitozi ada. Na tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita imeondolewa pia. Pamoja na hayo, mzazi wa kati hujiona ametupa mtoto asipompeleka katika shule ya kufundishwa kwa Kiingereza, yenye basi la rangi ya njano na ada ya milioni kadhaa. Hatusemi shule hizo ni mbaya; nyingine ni za kanisa, na zimefanya kazi njema. Wala hatusemi kwamba katika kila shule ya serikali mtoto apata haki yake, maana darasa la watoto 90 mwalimu mmoja hawezi kulimudu. Lakini tazama tena hesabu ya juu. Watoto watatu, kwa ada ya milioni moja na nusu kila mmoja, ni 4,500,000 kwa mwaka, yaani 375,000 kwa mwezi. Zimebaki 279,500 kwa vitu vyote vingine vya watu watano. Hapo si suala la kubana. Ni suala la kuchagua, na asiyekubali kuchagua huchaguliwa na mwenye kumkopesha. Tumeona nyumba ambamo mtoto asoma shule ya gharama, hali jioni arudi penye taa iliyokatika kwa sababu umeme umekwisha katika mita, na baba na mama hawasemezani. Mtoto huyo ajifunza masomo mawili, moja shuleni na moja nyumbani, na la nyumbani ndilo atakalolikumbuka zaidi.

Heshima ya pili ni michango. Msiba twauacha kando; mchango wa msiba ni deni la upendo, na atakayekaa bila kuzika wenzake atakuja kuzikwa na nani? Twasema juu ya harusi. Hapo kale jamaa walileta ndizi, na maziwa, na mbuzi, na mikono yao. Sasa kuna kadi, na kamati, na ahadi ya maandishi, na simu za kukumbushwa. Kuna karamu ya kumfunda bibi arusi, kisha ya kumwaga, kisha harusi yenyewe, na kila moja na sare ya kitambaa chake. Mtu wa kati hupokea kadi nne au tano katika mwezi mmoja wa Desemba. Hathubutu kukataa, kwa kuwa yeye naye ana binti. Basi hutoa 50,000 hapa na 100,000 pale katika zile 39,500 zake, jambo ambalo hesabu hairuhusu. Ila ameliruhusu yeye, kwa kukopa. Na hao waliooana kwa milioni kumi za watu huamka Jumatatu katika chumba kimoja cha kupanga wasiwe na godoro. Wazee wa kanisa wangefanya jambo la maana kama wangekubali kusema, kila mmoja katika mtaa wake, ya kwamba ibada ya ndoa pamoja na chakula cha mchana nyumbani ni harusi kamili mbele za Mungu na wanadamu. Waanze wao kwa binti zao.

Kanisa nalo lina kadi zake: ahadi, mavuno, jengo, gari la usharika, sherehe ya kwaya. Sadaka twaiandika mapema katika hesabu, kwa kuwa ndiyo ishara kwamba fedha yote ni ya Mungu. Lakini mtu asitangaziwe mbele ya watu wote kiasi alichoahidi na ambacho hajalipa. Mtume Paulo awaandikia Wakorintho kwamba mtu atoe kadiri alivyo navyo, si kadiri ya vile asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12).

Sasa tuseme juu ya mwia mwenyewe, maana habari yetu ni yake. Siku hizi ana sura nyingi. Yuko wa benki, mwenye karatasi safi. Sheria yataka mtumishi asikatwe hata akabaki na pungufu ya theluthi moja ya mshahara wake. Basi huyu wa milioni moja aweza kukopa mpaka zibaki kama 333,000 tu, na wako wengi waliofika hapo. Sheria imeweka alama penye ukingo wa shimo. Haikusema ukingoni ni mahali pa kujenga. Yuko wa pili, ambaye watu wenyewe wamempa jina la kausha damu, na jina hilo halihitaji mafafanuzi. Mtu akikopa kwake 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, naye akiwa analipa riba tu, kwa mwaka mmoja amelipa 720,000, na zile 300,000 bado ziko palepale. Huyo hachukui watoto wawe watumwa. Huchukua kochi, na jokofu, na kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, ambayo mtumishi ameitoa kwa mkono wake mwenyewe. Na wa tatu yuko ndani ya simu: mkopo wa dakika tano, na ukichelewa hutumiwa ujumbe mkweo, na mwajiri wako, na mchungaji wako, wote waambiwe wewe ni mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya namna hiyo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Mwanamke wa Elisha alipopata mafuta hakuambiwa anunue mavazi kwanza. Aliambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Utaratibu ni huo. Tena angalieni alichokopa kwa majirani: vyombo vitupu. Hakukopa fedha juu ya fedha. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo akina mama wetu wanaviendesha kwa uaminifu kuliko mashirika mengi, wanajua tofauti iliyopo kati ya kukopa kwa mtu akujuaye na kukopa kwa mtu apendaye ukae na deni.

Wengi watajibu: njia ni kuongeza, si kubana. Ni kweli, na hapa tunaishi karibu na mahali ambapo jambo hilo liliwahi kukatazwa kwa viongozi. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967 katika mji huo ulio pungufu ya kilomita 30 kutoka kwetu, lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, mishahara ilikuwa imekwisha kuliwa na bei, nao watumishi wengi walikuwa wakifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba ili wapate kuishi. Wazee wetu wakumbuka miaka ile ya foleni za sabuni na sukari. Kwa hiyo mradi wa nyumbani si tamaa. Kwa nyumba nyingi ndio uliozipitisha ng'ambo.

Sisi Walutheri twapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Martin Luther alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, alikuwa mwalimu wa chuo mwenye mshahara, asiyechukua malipo kwa vitabu vyake, na mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa hata vikombe vya nyumbani. Nyumba ile ya Wittenberg, yenye watoto, jamaa na wageni bila idadi, haikuendeshwa na mshahara. Iliendeshwa na Katharina. Alilima, alifuga nguruwe na ng'ombe na samaki, alipika pombe, alipangisha wanafunzi vyumba, na mwaka 1540 wakapata shamba la Zülsdorf ambalo alilisimamia mwenyewe. Luther alijua, naye alimwachia mkewe mfuko. Tunalisema hili kwa ajili ya waume wa kwetu ambao wake zao hawajui mishahara yao mpaka leo. Anania na Safira walificha fedha, wakaangamia; lakini hao angalau walificha kwa kupatana.

Na habari ya Katharina ina sehemu nyingine isiyosemwa sana. Luther alikufa mwaka 1546. Aliandika wosia wa kumwachia mkewe vitu vyote, lakini aliuandika bila msaada wa wanasheria, ukapingwa kwa kuwa haukufuata sheria ya nchi. Mjane aliyeilisha nyumba kwa miaka 20 akawekewa wasimamizi, kisha vita vikamkimbiza, naye akafa Torgau mwaka 1552 katika hali ya kupungukiwa. Msomaji mwenye mfuko wa pensheni na aangalie wiki hii ni jina la nani aliloliandika kuwa mrithi, maana wako walioandika jina la kaka kabla ya kuoa, wakasahau.

Neno moja kwa wale ambao mshahara wao haufuati mwezi, bali wageni. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, walikuwa kama 620,000. Madereva na wapishi wa kwetu waliokuwa wakipokea bakshishi za dola walikaa nyumbani miezi mingi, na magari yakaota majani. Hata katika mwaka mwema, masika ya Aprili na Mei ni tupu. Kwa hao somo ni la Yusufu katika Mwanzo 41, nalo lina hesabu ndani yake: alitoza sehemu ya tano katika miaka ya shibe. Dereva apatapo 3,000,000 kwa Julai, sehemu ya tano ni 600,000, na hiyo iwekwe mahali ambapo kadi za harusi haziwezi kufika.

Msomaji makini ameona kwamba katika hesabu yetu ya juu yuko mtu mmoja ambaye hatukumwandika. Tulimwacha kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo alivyoachwa katika hesabu za nyumba nyingi. Ni yule binti wa kazi, mwenye miaka 17 au 20, atokaye labda Singida au Dodoma, aamkaye saa kumi na moja kuwasha moto na kulala wa mwisho. Mwenye nyumba asema mshahara hautoshi, na huyu ndiye wa kwanza kucheleweshewa, kwa sababu hana chama wala barua. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani alalaye kwa mwajiri wake kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Wala hapakuwa Mkristo wa kujivuna kwa kulipa hiyo, na wengine hawakuilipa. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, asema juu ya ujira uliozuiwa wa wavunaji, ya kuwa wenyewe unalia. Tumesema tutawarudia waajiri, na hapa tumewarudia: mashamba ya maua yana wenyewe, lakini mwajiri aliye karibu kuliko wote ni yule mtu wa kati, anayelalamika juu ya mwajiri wake. Nyumba iliyoishi kwa raha kwa fedha isiyomlipa binti haikuishi kwa mshahara wake. Imeishi kwa wa binti.

Basi tukiulizwa tena, twajibu: ndiyo, kwa mtu wa mfano wetu, mwenye nyumba na kipande cha kihamba, na asiye na mwia, aweza, naye hatakosa riziki wala usingizi. Kwa aliyepanga, aweza kwa shida, na mradi. Kwa mwenye kima cha chini na watoto watatu, sivyo, na tusimwambie kwamba ni kosa lake.

Walimu wa mitaa wanaopenda kulisoma somo hili katika ibada za nyumba kwa nyumba, na walisome wiki ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa bado haijatoka. Kila mume na mke wapewe karatasi moja na kalamu moja. Waandike juu kabisa vile walivyo navyo, hata migomba. Chini yake madeni yote, pamoja na yale ambayo mmoja alikuwa hajamwambia mwenzake. Kisha mshahara wa binti, kabla ya chakula. Wasiombwe kusoma karatasi zao mbele ya watu. Waende nazo nyumbani.